Tarakimu Sita Mfukoni Mwangu

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Siku imeanza vizuri mno. Ningejua tu! Kahawa ya moto, kabati limefungwa, ufunguo shingoni. Miaka kumi na tisa mimi, Zubeiri, natunza daftari la vyombo vidogo vya bahari hapa Kismayo. Hakuna mashua ya visiwa vya Chula, Fuma wala Darakasi iliyopata cheti bila kabati hili kufunguliwa. Na halifunguliwi na mtu ila mimi.

Saa nne Mkurugenzi Hussni akaingia na msichana mwenye begi mgongoni. Anaitwa Twahira. Babu yake mtu wa Chula, yeye kazaliwa kambini Kenya na kasomea Mombasa. Akatuambia daftari zote zitahamia kwenye wingu. Yaani kompyuta za watu, huko mbali, nasi tunazitumia kwa mtandao. Hata ofisi ikiungua, alisema, vyeti vitakuwepo. Nikasema ofisi haijaungua. Akasema, "Lakini Ami, paa linavuja." Kweli linavuja. Ila linavuja upande wa Shihab, mshika muhuri, kwa hiyo sikuwahi kuona haraka.

Habari ya pili ni mbaya zaidi. Wageni wa wizara watakuja kutoka Mogadishu tarehe 3 Desemba kuuona mfumo ukifanya kazi. Siku hiyo hiyo Mkurugenzi atamtaja Mkuu wa Usajili mpya. Kiti cha Mkuu kina mikono, tena kiko chini ya feni. Nimekikalia mara mbili, ofisi ikiwa tupu. Shihab naye anakitaka. Leo nimemwona akikipima kwa macho kama mtu anayenunua kitanda.

Hesabu yangu ni hii: kiti ni cha mtu anayejua vitu viko wapi. Vikienda winguni, kila mtu atajua. Basi visiende.

Jumapili, 9 Novemba

Mkutano. Nimesubiri mpaka chai imeletwa, watu wametulia, nikauliza polepole: kumbukumbu zetu zitalala nchi gani?

Kimya. Kimya kitamu! Twahira akajibu kwamba mitambo iko Ulaya. Nikashika kifua. Nikasema tangu vita vya tisini na moja watu wetu wametawanyika, wengine kambini, wengine Mombasa, wengine hiyo hiyo Ulaya. Sasa na mashua zao nazo zikimbie? Zaituni wa mapokezi akafuta macho kwa ncha ya buibui. Hata mimi niliguswa, nami ndiye niliyekuwa nasema.

Twahira akangoja nimalize. Akasema babu yake alipokimbia, karatasi za chombo chake zilibaki katika ofisi ya zamani, pale pale palipoporwa mpaka bati. Leo yuko Mombasa hana hata kijikaratasi cha kuonyesha kwamba aliwahi kumiliki kasia. Lau karatasi ile ingelala Ulaya, angekuwa nayo.

Kimya tena. Hiki kilikuwa chake.

Mkurugenzi akasema hoja yangu ni nzito, akaniteua mwenyekiti wa Kamati ya Usalama wa Kumbukumbu. Wajumbe: mimi.

Jumanne, 11 Novemba

Saa tatu nimejikwaa kwenye waya wa mtandao. Kwa bahati mbaya. Mara tatu.

Sikujua Mkurugenzi alikuwa katikati ya kuzungumza na wizara kwa video. Picha yake imegandia Mogadishu mdomo wazi, na inasemekana wameipitisha ofisi nzima. Alasiri wamekuja mafundi wakaondoa waya, wakafunga kidude juu ya paa. Mtandao sasa una kasi mara nne. Zaituni ananishukuru.

Jumatano, 12 Novemba

Ushindi! Nimecheka mpaka nikatoka nje.

Wamemaliza kupiga picha kurasa zote na kuingiza majina. Twahira akaandika jina la mashua moja kuitafuta. Hakuna. Akaandika jina la mwenye mashua. Watu kumi na wanane. Akaja kwangu, uso umekunjana, akauliza daftari limepangwa kwa utaratibu gani, maana si kwa herufi, si kwa tarehe, si kwa kisiwa.

Limepangwa kwa fundi! Kila Mbajuni anajua kwamba mtu hubadilisha jina la mashua anapobadilisha mke, na huiuza, na huipaka rangi nyingine, lakini fundi aliyeiunda habadiliki. Ukiutazama ule mkato wa omo, pua ya chombo, unajua huyu ni mtoto wa mkono gani. Na wenye vyombo nimewaandika kwa majina wanayoitwa, si ya kwenye vitambulisho. Mimi mwenyewe huko visiwani sina anayeniita Zubeiri. Kwa wakubwa mimi ni Baba Rawda, kwa jina la binti yangu. Kwa niliocheza nao ni Kasa, kwa sababu utotoni nilianguka chali ufukweni nikashindwa kuinuka. Hayo wingu litayajulia wapi?

Sikumweleza lolote. Nilitikisa kichwa tu, kama daktari.

Ijumaa, 14 Novemba

Siwezi kuelewa ilivyotokea.

Jana Twahira alikuja na kahawa chungu na halua. Akasema hana haja ya kazi, anataka tu kusikia habari za mafundi wa zamani. Nikamweleza za Fundi Adnan. Akauliza zipi zilikuwa zake. Nikamtajia. Akamimina kahawa. Tulipofika kwa chombo cha babu yake nilikumbuka mpaka ubao uliopasuka upande wa kushoto. Nilikiona nikiwa mdogo, kabla hakijaenda. Aliacha kuandika kidogo. Kisha akaandika hilo nalo.

Ilipofika adhuhuri nilikuwa nimemtajia vyombo mia mbili na kumi na viwili, fundi kwa fundi, pamoja na majina ya utani ya wenyewe. Ameongeza kisanduku kimoja tu kwenye mfumo: "Fundi". Sasa ukiandika Adnan zinatoka zote, kwa mpangilio, na picha.

Miaka kumi na tisa! Kwa robo kilo ya halua!

Jumamosi, 15 Novemba

Mungu hamtupi mja wake.

Mfumo unataka namba moja ya simu. Kila anayeufungua, unatuma tarakimu sita kwenye simu hiyo, na bila tarakimu hizo haufunguki. Dakika kumi, zimekufa, unaomba nyingine. Simu ya nani? Mkurugenzi hubadilisha laini kama kanzu. Ya Shihab inakaa na mkewe. Yangu ni ile ile tangu nianze kazi. Nikakataa mara mbili, kwa adabu, nikakubali.

Saa sita Shihab alitaka kuingia. Simu ikalia mfukoni mwangu. Akanitazama. Nikaitazama simu. Nikamaliza kahawa kwanza.

Natamka rasmi katika shajara hii: wingu ni jambo zuri sana. Ofisi imechelewa.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimehutubia wafanyakazi juu ya faida za wingu. Nimesema mtu anayeogopa mambo mapya hana nafasi katika utumishi wa umma. Nilimtazama Shihab.

Watu wamerudi kunisalimia. Nahodha mmoja kaleta samaki, changu wawili, akauliza kama tarakimu zake zimefika. Nikamwambia zinakuja, ziko njiani kutoka Ulaya.

Twahira kapendekeza tuongeze namba ya pili, endapo mimi nitaumwa. Kamati ya Usalama wa Kumbukumbu imekutana palepale, mlangoni, ikakataa kwa kauli moja. Nimempa kwa maandishi: siri ya watu wawili si siri. Shihab akapiga muhuri bila kusoma.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimemwandikia Mkurugenzi barua kali, naye kaitia saini. Vyeti vyote vya zamani mwisho wake tarehe 30, na vipya vitaanza kutolewa kesho yake. Kuanzia Jumatatu tarehe mosi, chombo chochote chenye jina hakitoki wala kuingia bandari ya Kismayo bila cheti cha mfumo mpya. Hakuna udhuru, hakuna undugu. "Hakuna undugu" nimeongeza mimi. Nimeagiza isomwe visiwa vyote baada ya sala ya Ijumaa.

Alhamisi, 27 Novemba

Wasiwasi. Mkurugenzi amemsifu Shihab mbele ya watu kwa kufika mapema. Kufika mapema! Mlango nao hufika mapema!

Nimefikiri sana. Watu hawakioni kitu mpaka kikosekane. Nitakosekana. Jumamosi naenda Chula kumsalimia dada yangu Mwanalima. Nikiwa kule nitawatumia tarakimu moja moja, nikichelewa kidogo, mpaka wote wawe wananitaja. Jumanne asubuhi nimerudi. Jumatano wageni wanaingia, nami nakaa.

Twahira kaniuliza kama Chula kuna mtandao. Nikamwambia, binti yangu, Chula nimezaliwa mimi.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimefika Chula kwa mashua ya Nahodha Abdalla. Atanirudia Jumatatu alasiri. Mwanalima kapika samaki wa nazi. Watoto wamenipokea kwa kelele, "Mjomba Kasa! Mjomba Kasa!", mbele ya watu.

Nikatoa simu. Hakuna hata kistari kimoja. Nikapanda juu ya jiwe kubwa la ufukweni. Hakuna. Shemeji yangu Tariq akasema mnara wa simu umelala wiki mbili sasa. Nikamuuliza kwa nini hakuniarifu. Akauliza angeniarifu kwa kitu gani.

Jumapili, 30 Novemba

Hakuna ubaya. Watanikosa zaidi ya nilivyopanga. Bora.

Jumatatu, 1 Desemba

Abdalla hakuja.

Nimekaa ufukweni tangu adhuhuri. Kama saa kumi hivi, nikiwa nakula ndizi, nimeelewa. Leo ni tarehe mosi. Abdalla hawezi kutoka Kismayo bila cheti kipya. Cheti kipya hakitoki mpaka mfumo ufunguliwe. Mfumo haufunguki bila tarakimu sita. Tarakimu sita zinakuja kwenye simu hii. Simu hii iko Chula inamsubiri Abdalla.

Sikuimaliza ndizi.

Jumanne, 2 Desemba

Nimewaendea wenye mashua wa hapa, mmoja mmoja. Nimeomba, nimesihi. Wote wanasema kitu kimoja: vyeti vyao vimekwisha juzi, wakiingia Kismayo watazuiliwa. Nikasema mimi ndiye mwenye vyeti! Mzee Marwa akasema barua yangu waliisikia vizuri mno, msomaji aliirudia mara mbili, hasa pale penye undugu. Akataka kujua kama nilikuwa natania. Nikasema sikutania. Akasema alidhani hivyo.

Mwanalima hanionei huruma. "Mchu mzima," kaniambia kwa Kibajuni chetu, "umejifungia nje na ufunguo umeushika." Halafu kanipa ufagio, nisikae bure.

Jumatano, 3 Desemba

Siku ya wageni. Siku ya kiti. Mimi nimetumwa kukuna nazi.

Nikikuna nikakumbuka. "Chombo chenye jina." Niliandika mwenyewe! Tariq anaunda mashua mpya uani. Haina rangi, haina namba, haina jina. Kwa barua yangu, hicho si chombo. Ni mbao tu. Mbao haziombi cheti!

Tariq akasema haijakalafatiwa yote, nyufa za chini upande wa nyuma zimebaki hazijazibwa. Nikamuuliza zimebaki kiasi gani. Akasema kiasi cha kuzama, akacheka. Nikamwambia tunaondoka alfajiri. Akaacha kucheka. Nikamwambia mjomba wa watoto wake anapoteza kiti. Akasema wanawe wanajua kukaa chini.

Mwanalima ndiye aliyemkubalisha. Alisema ananitaka nirudi kwangu.

Alhamisi, 4 Desemba

Naandika nikiwa nimelowa.

Tariq alifunga mashine ya kuazima, mimi nikakaa nyuma na sufuria ya Mwanalima nikifua maji na kuyarudisha baharini. Tangu alfajiri mpaka saa nane. Nikipumzika kidogo tu, Tariq anasema bila kugeuka, "Shemeji, miguu yangu imelowa." Mikono siihisi. Simu nimeifunga katika mifuko mitatu ya plastiki, nikaivaa shingoni pamoja na ufunguo wa kabati.

Tulipoukaribia mji, ikaanza. Ngri! Ngri! Ngri! Ujumbe arobaini na mmoja mfululizo, tarakimu sita kila mmoja, tangu Jumapili. Zote zimekufa. Nilizisoma moja moja hata hivyo. Ya mwisho ya jana imetumwa saa tano na dakika mbili asubuhi. Wageni walikuwa wamekaa.

Bandarini askari akapiga kelele: "Waryaa! Chombo hicho kinaitwaje?" Nikasimama ndani ya maji yaliyofika magotini, nikamweleza kwamba hakina jina, kwa hiyo si chombo. Akauliza kama si chombo, mimi nimekaa ndani ya nini. Nikamtajia barua. Akasema anaijua barua. Kwa barua hiyo hiyo amezuia mashua sitini na tatu, na manahodha wake wote wako pale ukutani wangependa kuniona.

Sikupelekwa ukutani. Nilifungiwa kibandani kwa askari. Ili nitoke ilihitajika karatasi yenye muhuri wa idara. Akaja Shihab mwenyewe na kisanduku chake. Akapiga muhuri taratibu. Akapulizia wino ukauke. Akauliza hali ya dada.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimeyasikia yote, kutoka kwa Zaituni, aliyefurahia kuyasimulia.

Wageni walifika. Skrini ikaomba tarakimu sita. Twahira alikuwa ameiandikia kampuni ya mitambo tangu Jumatatu kuomba njia nyingine. Kampuni ikajibu kwa heshima kwamba, kwa usalama, itatuma kwanza tarakimu sita kwenye simu iliyosajiliwa. Mkurugenzi akatoka jasho. Ndipo Shihab akasema lipo daftari la kabatini.

Kabati limefungwa, ufunguo uko Chula. Shihab akalivuta mbele, akaligeuza. Halina mgongo! Mbao za nyuma zimeliwa na mchwa, sijui tangu lini. Akaingiza mkono akatoa daftari. Miaka kumi na tisa nimelala na ufunguo shingoni, alama imeniota kifuani, nikilinda kabati lililo wazi nyuma!

Wageni walipenda daftari. Walipenda muhuri zaidi. Kila mmoja alipigiwa muhuri kwenye karatasi yake, wakapigwa picha wakiushika. Wameandika kwamba ofisi yetu ina mpango imara wa dharura.

Shihab ndiye Mkuu wa Usajili. Asubuhi nimemkuta chini ya feni, mikono juu ya mikono.

Nilimpa Twahira tarakimu. Hakunigombeza, na hilo limeniuma kuliko kugombezwa. Alisema mashua ziliozesha samaki siku tano, na nahodha mmoja mkewe alikuwa hospitali Kismayo naye kisiwani. Kisha akatoa vyeti sitini na vitatu vya muda, vya siku saba, mpaka mambo yatulie. Akasema kuanzia sasa tarakimu zitakwenda kwa watu watatu tofauti, yeyote aliyepo ajibu. Nimtafutie watatu waaminifu.

Nikamwuliza Mkuu mpya kama atakuwa mmoja wao. Akasema yeye sasa hasumbuliwi na simu, nipange mwenyewe.

Jumapili, 7 Desemba

Nimelala vizuri. Somo nimelipata: kosa lilikuwa kutegemea simu moja.

Nimenunua simu mbili na laini mbili. Leo nimempelekea Twahira orodha. Wa kwanza, Zubeiri. Wa pili, Baba Rawda. Wa tatu, Kasa.

Akauliza Baba Rawda ni nani. Nikasema ni mtu mzima, mwenye familia, nimekua naye. Na Kasa? Mpole, nikasema, haongei sana, akianguka huchelewa kuinuka lakini huinuka. Akasema angependa kukutana nao. Nikamwambia wana haya, lakini popote nilipo mimi hawako mbali. Kaandika yote matatu. Kukulia Mombasa kuna hasara zake.

Mambo yamekaa sawa. Hata Shihab na feni yake, akitaka kufungua mfumo, atapita kwangu mara tatu.

Nahodha Abdalla kaleta salamu za Mwanalima. Hajakasirika tena, anataka sufuria yake, na Ijumaa anamwoza mwanawe Fahmi; nisipofika nisimwite dada. Mnara bado umelala. Nitakwenda Alhamisi. Simu nazibeba zote tatu. Siwezi kuacha vitu muhimu namna hiyo ofisini, katika kabati lisilo na mgongo.

Vyeti vya muda vinakwisha Jumamosi. Nitakuwa nimerudi zamani.